Naomba ushauri: nilimjeruhi ndege msituni nikampoteza, je, nimpeleke mwanangu kuwinda?

MwanaKigoma: Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu. Ninaishi Lewiston, jimbo la Maine, Marekani, lakini nimekulia Kigoma, ambako marehemu baba alinifundisha kutega kwale kwa tanzi pembeni mwa shamba la mihogo. Huku nimemkuta ndugu yake, grausi, ndege wa kahawia mwenye ukubwa wa kuku mdogo. Mara ya kwanza nilimsikia theluji ilipokuwa ikiyeyuka: dume alisimama juu ya gogo akaipiga hewa kwa mabawa, polepole kisha kwa kasi, mithili ya pikipiki inayokataa kuwaka, nami nikauhisi mlio ule kifuani kabla haujafika masikioni. Msimu wa baridi uliofuata, mwingine alifumuka kutoka chini ya theluji alimokuwa amelala, hatua moja mbele ya buti zangu, akaacha tundu na alama za mabawa.

Vuli iliyopita nilimpiga mmoja karibu na mitufaha ya shamba lililotelekezwa. Alianguka, nikaona manyoya matatu yakielea, lakini nilimtafuta hadi giza likaingia bila kumpata. Baba hakuwahi kulala na mtego ambao hajaukagua, na jambo hili limeninyima raha. Mwanangu wa miaka 11 anataka tufuatane vuli hii. Nimpeleke, au niache kabisa kuwinda?

Mzee wa Vichaka: Pole sana, ndugu. Ndege huyo akianguka akiwa hai hukimbia, na rangi yake haitofautiani na majani makavu, kwa hiyo usiondoe macho mahali alipoangukia. Nenda moja kwa moja, tundika kofia yako kwenye tawi, kisha tafuta kwa kuzunguka, ukipanua duara kidogo kidogo. Usimfyatulie wa pili kabla wa kwanza hajawa mkononi. Mbwa aliyefunzwa angekusaidia kuliko ushauri wetu wote.

Jirani wa Kaskazini: Kwa mtoto aliye chini ya miaka 16, Maine huhitaji leseni ya watoto na mtu mzima wa kumsimamia. Idadi ni ndege wanne kwa siku, na Jumapili hairuhusiwi kuwinda.

Mama Neema: Kaka, mimi ningempeleka kwanza bila bunduki, majira yale dume anapopiga mabawa, akae kimya kando ya gogo na wewe, akamjue ndege huyo akiwa hai. Mweleze pia habari ya yule uliyempoteza, kwa sababu mtoto atakayesikia kwamba baba yake alitafuta hadi usiku atajua kufyatua risasi kuna deni.

MwanaKigoma: Ahsanteni sana. Dada, nilikuwa nimemficha habari hiyo. Nitamwambia leo baada ya chakula cha jioni, na mwezi wa nne tutakwenda kwenye lile gogo, mikono mitupu.