Ekari tano za jangwa: Terlingua, Cochise au bonde la San Luis?

Mpangaji_Houston:
Wakuu, habari za majukumu. Mimi na mke wangu huu ni mwaka wa 11 Houston, ghorofani, na kelele za barabara kuu usiku na mchana. Tumejibana tukaweka akiba, sasa tunatafuta kipande cha ardhi jangwani. Hatuhamii huko. Ni pa kwenda kupumzika mara tatu nne kwa mwaka: kibanda, sola, tangi la maji, watoto waone nyota. Umeme wa gridi hatuutaki. Baada ya miezi miwili ya kuchambua matangazo nimebakiwa na matatu:

1. Ekari 5 karibu na Terlingua, kaunti ya Brewster, Texas. Dola 7,500.
2. Ekari 4 na ushei kusini mwa Willcox, kaunti ya Cochise, Arizona. Dola 6,000.
3. Ekari 5 kaunti ya Costilla, bonde la San Luis, Colorado. Dola 4,000, unalipa dola 99 kila mwezi.

Moyo umeangukia la tatu kwa sababu ya bei na ile milima pichani. Mliopita njia hii, nisaidieni kabla sijatuma hela.

Nuru_Denver:
Kaka, shikilia hela yako kwanza. Nilinunua Costilla 2017, nikauza 2021. Milima ya Sangre de Cristo ni mizuri kweli, picha haidanganyi. Lakini bonde lenyewe liko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Januari kushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri ni jambo la kawaida. Bomba langu liliganda likapasuka majira ya baridi ya kwanza, nami sikuwepo.

Maji ndiyo yaliyonishinda. Colorado iliruhusu watu kukinga mvua majumbani mwaka 2016 tu, tena mapipa mawili, jumla galoni 110, yaani kama lita 416. Kiwanja kikiwa chini ya ekari 35, kibali cha kisima kwa kawaida ni cha matumizi ya ndani ya nyumba peke yake. Hata mti mmoja huruhusiwi kuumwagilia. Na mvua yenyewe ni haba kiasi kwamba hata ukiruhusiwa hupati kitu.

Hizo dola 99 pia zitazame vizuri. Mkataba wa namna hiyo mara nyingi huacha hati mikononi mwa muuzaji mpaka senti ya mwisho. Ukikwama miezi miwili, unaweza kupoteza kiwanja na yote uliyokwisha kulipa. Mimi nililipa yote, kisha nikasubiri hati miezi saba nikipiga simu zisizopokelewa.

Fundi_Sola77:
Nakazia hoja ya dada Nuru upande wa umeme. Betri za lithiamu zinazouzwa sana sasa kwa sola, zile za chuma na fosfeti, hazitakiwi kuchajiwa zikiwa chini ya nyuzi sifuri. Zinaharibika ndani kwa ndani. Nzuri zina kinga inayokata chaji yenyewe, ila hapo unakaa gizani jua likiwaka. Costilla utalazimika kuzijengea chumba chenye joto.

Terlingua na Cochise tatizo ni joto. Taa, friji ndogo, simu na feni haviumizi kichwa: paneli sita za wati 400 zinatosha na kubaki. Ukitaka kiyoyozi, gharama inapanda mara mbili au tatu. Wenyeji wengi hutumia kipoza hewa cha maji, kinakula umeme kidogo sana, lakini kinakunywa maji. Kwa hiyo tunarudi palepale kwenye maji.

Mzee_wa_Malori:
Mpangaji mwanangu, nimeendesha lori njia ya I-10 miaka mingi, na nina ekari 10 upande wa Terlingua tangu 2015. Nikueleze kwa kituo.

Brewster ndiyo kaunti kubwa kuliko zote Texas, na watu ni wachache mno. Terlingua ilikuwa mji wa machimbo ya zebaki. Biashara ilipokufa watu wakaondoka, magofu ya mawe yapo hadi leo. Uzuri wa Texas ni kwamba nje ya mipaka ya miji kaunti hazina mamlaka ya kukupangia matumizi ya ardhi kama kwingine. Choo nacho: ukiwa na ekari 10 au zaidi, nyumba moja, mfumo wa maji taka ukiwa umekaa mbali na mpaka, sheria ya jimbo haikudai kibali, isipokuwa kaunti imeongeza masharti yake. Ekari zako 5 haziingii humo, kibali utakitafuta. Uliza pia kama kiwanja kiko ndani ya Terlingua Ranch, maana kule kuna chama cha wamiliki, chenye ada ya kila mwaka na kanuni zake.

Sasa maji. Kisima kisahau. Kuchimba ni pesa nyingi kuliko kiwanja chenyewe, na unaweza kutoboa ukakuta vumbi au maji ya chumvi. Sisi tunakinga mvua, na Texas inaunga mkono. Hata kodi ya mauzo kwenye vifaa vya kukingia imeondolewa. Piga hesabu: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Bati la mita za mraba 40, mvua ya milimita 250 kwa mwaka, ni lita 10,000. Toa sehemu ya tano inayopotea, zinabaki 8,000. Mko wanne, safari nne za siku tano, lita 40 kwa mtu kwa siku: lita 3,200. Yanatosha na mwaka mkavu unaumudu. Ila mvua nyingi inashuka kati ya Julai na Septemba, tena kwa fujo, kwa hiyo usinunue tangi dogo. Jenga bati na gata na tangi kwanza, kibanda baadaye. Mimi nilianza na kibanda, nikabeba maji miaka miwili. Lita 1,000 ni tani nzima, na pikapu nyingi za kawaida haziimudu salama. Niliua springi.

Nyota za watoto? Big Bend, hifadhi ya taifa iliyo jirani, ilitambuliwa mwaka 2012 kuwa hifadhi ya anga la giza. Mjukuu wangu aliona Kilimia kwa macho yake akaniuliza kwa nini Dallas hakipo.

Ubaya wake: ni karibu kilomita 1,000 kutoka kwako, hospitali iko Alpine, kilomita 130, na Juni huwezi kukaa ndani mchana bila kipozeo.

Binti_Lodwar:
Shikamoo mzee. Mimi niko Tucson, Cochise naijua vizuri. Ina sifa moja kubwa: ukiwa na ekari 4 au zaidi maeneo ya vijijini, kaunti inakuruhusu kujijengea bila ukaguzi wa ramani, ukijaza fomu ya mwenye kujenga mwenyewe. Kibali cha maji taka bado unakihitaji. Kiangazi chake ni cha uungwana ukilinganisha na Phoenix, kwa sababu ya mwinuko.

Lakini visima vya bonde la Willcox vinakauka. Mashamba makubwa yanavuta maji kwa kina ambacho kisima cha nyumbani hakifiki, na ardhi imepasuka nyufa ndefu. Mwaka 2022 wananchi walipigia kura udhibiti wa uvutaji wa maji ya ardhini: upande wa Douglas walikubali, Willcox wakakataa. Na usijipe moyo kwamba utanunua maji ya boza. Rio Verde Foothills, kitongoji jirani na mji wa Scottsdale hapa Arizona, waliishi kwa maboza hadi Januari 1, 2023, mji ulipofunga bomba la kujazia. Mamia ya nyumba, nzuri za kifahari, watu wakaanza kukinga mvua kwa ndoo.

Jambo la pili nalisema kama mtoto wa Turkana. Mchanga tambarare, laini, safi, bila kichaka katikati: hiyo ni laga, yaani mkondo wa mto mkavu. Wazungu wanapaona pazuri pa kuegesha trela. Mvua inanyesha milimani usiyoiona, saa moja baadaye maji yanafika yakiwa na magogo. Katika matangazo mengi ya bei ya chini niliyoyafungua, laga inakatiza kiwanja katikati. Tazama ramani ya mafuriko ya FEMA, shirika la serikali la kukabili maafa, kisha tazama picha ya setilaiti ufuate mistari ya mchanga.

Mzee_wa_Malori:
Marahaba binti. Hapo kwenye laga umenena. Brewster pia zipo tele.

Mpangaji_Houston:
Nashukuru sana, Costilla nimeiondoa. Swali: muuzaji wa Terlingua anasema atanipa hati ya kuachia dai tu, na kwamba barabara ipo “tangu zamani”. Ni sawa?

Nuru_Denver:
Hapana. Hati hiyo inakuachia haki yoyote aliyo nayo, bila kuhakikisha kwamba anayo. Dai hati yenye dhamana. Chukua namba ya kiwanja, piga simu kwa karani wa kaunti, uliza jina la mmiliki, deni la kodi, na kama njia imeandikishwa. Njia inayoonekana kwa macho siyo haki ya kupita. Jirani akifunga geti, utakuwa na ekari tano usizoweza kuzifikia.

Mzee_wa_Malori:
Na uje mwenyewe, Agosti, siku moja baada ya mvua. Njoo na gari lililoinuka, na matairi mawili ya akiba. Nitakusubiri kwenye njia panda ya barabara ya 118, twende kiwanjani pamoja. Mlete na mkeo, yeye ndiye aamue.

Mpangaji_Houston:
Mzee, wiki ya pili ya Agosti nimeshaomba likizo. Muuzaji nimemwambia asubiri.