Naomba ushauri: namna ya kuwafundisha wanafunzi maadili ya utafiti

Habari zenu wakuu. Nafundisha stashahada ya uuguzi, na muhula huu wanafunzi wangu wanaanza utafiti wao wa kwanza. Sampuli na uchambuzi wanavishika haraka. Shida ni maadili, wanayaona kama fomu ya kusainiwa tu.

Niliwasimulia kisa cha Tuskegee kule Marekani: tangu 1932 hadi 1972 mamia ya wanaume weusi wenye kaswende walifuatiliwa bila kuambiwa ukweli, wakanyimwa penisilini hata ilipokwisha kujulikana kwamba inatibu. Darasa zima lilinyamaza. Lakini madodoso waliyoniletea baadaye yalikuwa na jina la mgonjwa na namba ya simu pale juu, na chini yake swali la hali ya VVU!

Kinachonisumbua zaidi ni ridhaa, yaani mgonjwa kukubali kwa hiari yake kushiriki utafiti. Mama amelazwa wodini, anaombwa na mtu aliyevaa sare, atakataaje? Anahofia hatahudumiwa.

Wenye uzoefu, hili mnalifundishaje kwa vitendo? Nawaza waigize, mmoja awe mgonjwa anayetaka kujitoa katikati ya mahojiano. Je, inasaidia kweli?