Laptopu ya kuediti video za kupamba, nichukue au niwache?

kamera_ya_kisauni
Assalamu alaykum jamani, naomba mnisaidie mawazo kabla sijatoa pesa. Mie nashuti video za harusi, zaidi kupamba, yaani ile sherehe ya bibi harusi kupambwa, na nyinyi wa Mombasa mwajua kupamba ni mambo ya wanawake peke yao, simu zenyewe zawekwa mlangoni, kwa hivyo siwezi kuipeleka kazi studio ya mtu ikaeditiwa dirisha wazi kila apitaye aona. Lazima niediti mwenyewe chumbani kwangu. Mpaka leo natumia laptopu ya kakangu, ukiweka klipu mbili tu kwenye taimlaini yaganda kama ugali wa jana.

Sasa kuna moja nimeiona duka moja la Moi Avenue, imetumika lakini safi, wataka 68,000. Inchi 15.6, Core i5-11300H, RAM 8GB, diski ya SSD 512GB, grafiksi kadi GTX 1650 ya 4GB. Nimekaa nayo karibu saa nzima mpaka muuzaji akaniletea kiti. Nilichopenda, yawaka upesi, kibodi ina taa (naediti usiku watoto wamelala), spika zake zatoa sauti hata mie nilishangaa, na ile grafiksi kadi muuzaji yuwaisifu utadhani kaizaa yeye. Nisichopenda ni skrini, naiona imepauka, na ukiiinamisha kidogo rangi zageuka. Halafu nzito, nimeibeba nikaikumbuka feri ya Likoni na begi la kamera begani nikachoka papo hapo. Feni nayo ilianza kulia nilipofungua video moja tu, na tundu la memori kadi haina. Mwaonaje?

fundi_makupa
Waalaykum salaam dadangu. Hiyo grafiksi kadi isikutie kiwewe. GTX 1650 si mbaya, yasaidia kwenye efekti na kupaka rangi na kurenda, yaani kuitoa video iliyokamilika, lakini hiyo prosesa ya 11300H ina kori 4 tu, yaani vichwa vinne vya kufanyia kazi, watu waona ile H mwishoni wafikiri wamepata simba. 11400H ambayo ni ya mwaka huo huo wa 2021 ina kori 6. Sisemi usinunue, nasema usilipe bei ya kori 6.

RAM 8GB haitoshi, hapo usidanganywe, Windows na brauza zishakula nusu yake kabla hujafungua programu ya kuediti. Lakini RAM yaongezwa. Mwambie afungue mfuniko wa chini mbele yako, si "nitakufungulia kesho", uhesabu sloti. Zikiwa mbili na moja tupu, tia kijiti kingine cha 8GB cha DDR4, vikifanya kazi viwili pamoja utaiona tofauti wewe mwenyewe. Ikiwa RAM imechomelewa kwenye bodi na sloti hapana, muage muuzaji hapo hapo. Na ukishafunguliwa tazama kama kuna nafasi ya SSD ya pili, utaihitaji.

hina_na_piko
Nyote mkija ni RAM RAM, hebu ngojeni kidogo. Mie laptopu yangu ya kwanza niliinunua kwa nguvu zake nikaja kulia kwa skrini. Niliediti harusi moja, hina ya bibi harusi kwenye laptopu naiona imefifia, nikaongeza rangi, nikaongeza tena, kwangu ikawa nzuri mashallah. Nikawatumia. Mamake kafungua kwenye simu, mtoto wake mwekundu kama kamba wa kuchemsha, akanipigia hata chai sijamaliza. Nikairudia kazi yote bure.

Sababu ni hii, laptopu nyingi za bei ya katikati zawekewa prosesa nzuri halafu skrini ya kupunguzia gharama. Ukiona kwenye spesi imeandikwa 45% NTSC, hicho ni kipimo cha rangi, jua hiyo yaonyesha kama asilimia 60 na kitu tu ya rangi za sRGB, na video nyingi za mtandaoni zaenda na rangi hizo za sRGB. Mwanga nao, nyingi ni niti 250 (niti ni kipimo cha mwanga wa skrini), wewe ukae nayo karibu na dirisha saa sita mchana wajiona uso wako mwenyewe. Hizo rangi kugeuka ukiinamisha, hapo mie nashuku paneli ya TN, aina ya skrini ya bei rahisi, ile aina nzuri ya IPS haifanyi hivyo.

Rudi dukani na picha yako mwenyewe kwenye flashi, iwe na hina na nguo nyekundu, ifungue pale na kwenye simu uzitazame pamoja. Ila simu uiweke rangi za kawaida kwanza maana simu nazo zatia chumvi.

fundi_makupa
Hapo kwa skrini nakuunga mkono ila si mwisho wa dunia, paneli yabadilishwa. Mie nshazibadilisha. Jambo la kutazama ni kebo yake, za 60Hz kawaida ni pini 30, za 144Hz ni pini 40, ukinunua kwa macho tu hutaingiza. Gharama hiyo huyo muuzaji aitoe kwenye bei.

hina_na_piko
Au awache hiyo skrini ilivyo anunue monita ya IPS iliyotumika aichomeke HDMI. Si yuwaediti chumbani? Kwani yuwaenda nayo wapi kila siku.

mjomba_wa_tudor
Feni kulia isikutishe mamangu, feni ikinyamaza ndio uanze wasiwasi. Hapa kwetu kaskazi likivuma Januari Februari chumba chenyewe ni tanuri, prosesa ikipata joto sana yajipunguza kasi yenyewe isiungue, kazi ya nusu saa yawa saa nzima. Iinue nyuma kwa chochote ipate hewa, usiiweke juu ya kitanda, na uisafishe feni, hewa yetu ya chumvi ikichanganyika na vumbi yashika kama gundi. Stima zikipotea pia laptopu haizimiki lakini kwenye betri hizi GTX zajivuta sana, kwa hivyo usianze kurenda usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi ukasema una betri.

Swali moja, kamera yako yarekodi nini? Ikiwa ni zile mpya za H.265 ya biti 10 4:2:2, yaani video iliyobanwa sana lakini yenye rangi nyingi, GTX 1650 hazisomi hizo, zitasomwa na ile grafiksi ndogo ya Intel iliyo ndani ya prosesa ya kizazi cha 11, na yazisoma vizuri. Yaani ile ambayo muuzaji hakuitaja hata kidogo.

kamera_ya_kisauni
Kamera zangu mbili ni za zamani mjomba, biti 8, HD ya fremu 50 kwa sekunde, megabiti 50 kila sekunde. Nimepiga hesabu baada ya kuwasoma nikashtuka, saa moja ni GB 22 na nusu, kupamba masaa manne kamera mbili ni GB 180. Hiyo SSD ya 512 ukitoa Windows yabeba shughuli mbili tu imejaa. Na kadi ya 64GB kwa rida yangu hii ya zamani ya USB 2 yachukua zaidi ya nusu saa kumwaga, sasa nina kadi sita.

Nilirudi jana. Picha nilichukua ya shangazi yangu siku ya harusi ya bintiye, kwenye simu hina yake nyeusi nyeusi nyekundu, kwenye ile laptopu imetoka rangi ya chai ya maziwa. Muuzaji akasema ni setingi. Nikamwambia basi iseti. Akaiseti mpaka akachoka. Mfuniko akafungua kwa shingo upande, sloti ya RAM moja tupu na nafasi ya SSD ya pili ipo. Nikamwambia kori nne, skrini hino, 55,000. Akacheka. Akashuka mpaka 61,000, nikamwachia namba, yuwasema aongee na mwenye mali.

Monita ntaitafuta, hilo la dada wa hina limeniingia. Fundi, kijiti cha 8GB huko kwenu chauzwa pesa ngapi?

fundi_makupa
Usinunue kabla hajakupigia. Akikupigia ipige picha stika ya RAM iliyomo uniletee, tutafute inayofanana nayo.