Mama ana mtoto wa jicho na anaogopa kupasuliwa. Mliopitia, ilikuwaje?

BintiKorogwe:
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu.

Mama yangu ana miaka 68, yuko Korogwe. Ilianza mwaka juzi, akasema taa za pikipiki usiku zinamtawanyikia kama mtu kamwagia mafuta kwenye kioo. Halafu ikaja ajabu: siku moja akaweka miwani ya kusomea pembeni, anasoma msahafu bila chochote. Tukafurahi, tukasema macho yamerudi ujana. Haikuchukua muda ukungu ukazidi. Mwezi uliopita alimimina chai pembeni ya kikombe, ikamuunguza goti. Sasa jicho la kulia ukilitazama unaona weupe katikati ya mboni.

Zahanati wamesema ni mtoto wa jicho, aende hospitali kubwa akapasuliwe. Amekataa. Jirani kamwambia jicho linachomolewa, linawekwa kwenye sahani, linasafishwa, ndipo linarudishwa. Na sokoni kuna mtu anauza matone ya "kuyeyusha" huo weupe, mama ameshaanza kutafuta hela. Na hiyo lenzi ya plastiki wanayoweka ndani ya jicho, anauliza, haiozi humo?

Naomba mtu aliyepasuliwa mwenyewe anieleze. Nitamsomea.

FundiWaMoro:
Marahaba mwanangu. Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, miaka 71, macho yote mawili yamepasuliwa. La kulia kwanza, la kushoto baada ya miezi mitatu. Msomee mama polepole.

Mimi nilijua nina tatizo kwa sababu ya kaptura. Ilikuwa Januari, msimu wa sare za shule, meza imejaa. Nikashona kaptura ya bluu, nikaikabidhi, jioni mzazi akarudi nayo. Mkanda nimeweka kitambaa cheusi! Kwangu mimi vile vitambaa viwili vilikuwa kitu kimoja. Wiki hiyohiyo mteja kaleta kitambaa cha kanzu, nikamsifia, "krimu hii imetulia." Akanitazama. "Fundi, hiyo nyeupe." Nikacheka kama natania, lakini usiku sikulala.

Daktari akanieleza hivi. Nyuma ya mboni kuna lenzi, kitu kidogo kama punje ya mbaazi iliyobonyezwa, angavu kama maji. Umri ukienda inapata ukungu na kugeuka manjano, wakati mwingine kahawia, ndiyo maana rangi zilinipotea. Ni kama ute wa yai ukipata moto: ukishakuwa mweupe, hakuna matone ya kuurudisha. Hela ya yule wa sokoni mama anunulie nauli.

Na la sahani ni uongo mtupu. Jicho halitoki mahali pake. Kinachotolewa ni hiyo lenzi iliyochafuka tu, inawekwa nyingine. Mimi pia nilitishwa hivyo hivyo, na mtu ambaye thieta ameiona mlango tu.

Siku zenyewe zilikwenda hivi. Kliniki walinipima sukari na presha, kisha mashine ya kupima jicho lenyewe, wapate namba ya lenzi itakayonifaa. Hapo nikawaelewa, hata mimi sikati kitambaa kabla sijapima kiuno. Siku ya upasuaji wakanitia matone ya kupanua mboni, tena na tena. Halafu sindano ya ganzi pembeni ya jicho. Hiyo inauma, simdanganyi mama. Inauma kama nyigu, kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi. Baada ya hapo upande ule wa uso ukawa si wangu.

Wakanifunika kitambaa chenye tundu. Nikaambiwa nisitikise kichwa, nikitaka kukohoa niseme kwanza. Niliona mwanga, maji yanapita, rangi rangi. Kisu sikukiona. Kuna kubonyezwa, maumivu hakuna. Yote ilikuwa kama dakika 20, foleni ilikuwa ndefu kuliko kazi.

Sasa sikiliza hili. Nilimuuliza daktari, "Umeshona kwa uzi namba ngapi?" Akasema hakushona. Mkato ni kama milimita 6, wanaupitisha kwa mshazari kama mdomo wa mfuko uliokatwa vizuri, presha ya jicho yenyewe inaufunga. Wale wenye mashine ya kuvunja lenzi kwa mawimbi ya sauti wanakata chini ya milimita 3. Miaka 50 nashona, mtu ananiambia kazi yake haina uzi.

Kesho yake wakafungua bandeji. Usitegemee kuona kila kitu saa ileile, mimi siku tatu za kwanza niliona kama kupitia kioo chenye mvuke, na jicho linakwaruza kama lina mchanga. Lakini rangi ziliwahi. Shuka za wodi zilikuwa nyeupe mpaka zinakaribia bluu. Nilipofika nyumbani nikafungua kabati la kazi, nikaiona mishono yangu ya mwaka mzima uliopita. Nikalifunga.

Lililonikera, hakuna aliyeniambia mapema kwamba nitahitaji tena miwani ya karibu. Lenzi niliyowekewa imepangwa kuona mbali. Nilitegemea kutunga sindano macho makavu, nikashindwa, nikadhani nimeharibiwa. Jicho lilipotulia, wiki ya sita hivi, nikapimwa miwani ya kusomea na sasa natunga uzi mwenyewe, simwiti mjukuu. Mama naye akitaka kusoma msahafu huenda akaihitaji ile aliyoiweka pembeni, au mpya.

NesiDodoma:
Fundi kaeleza vizuri kuliko sisi kliniki. Naongeza machache, nafanya kazi wodi ya macho.

Dada, ile ya kusoma bila miwani ilikuwa dalili. Lenzi ikianza kuwa ngumu katikati, jicho linavuta karibu, mtu anasoma kwa muda, lakini mbali kunaharibika. Wengi wanasherehekea kama nyinyi.

Usikubali pia ule ushauri wa zamani wa kusubiri "iive". Ikiiva kupita kiasi inaweza kuvimba, presha ya jicho ikapanda, likauma na kuharibika moja kwa moja. Weupe ukishaonekana kwa macho kama hivyo, msikae. Na msiweke asali, maziwa ya mama wala mitishamba humo. Tunapokea macho yaliyoungua, na hayo mara nyingi hatuwezi kuyafanyia kitu.

Kwa Korogwe, ulizeni kwanza hospitali ya Bombo pale Tanga, au nendeni hospitali ya KCMC Moshi, wana idara kubwa ya macho. Mama aende na dawa zake zote, na kama ana sukari aseme mapema.

Akishapasuliwa: matone kwa ratiba, kwa kawaida wiki nne au zaidi, na anayemtia anawe mikono. Asisugue jicho, asibebe ndoo, alale na kikinga cha plastiki juu ya jicho. Jicho likianza kuuma zaidi badala ya kupungua, likiwa jekundu, likitoa usaha au uoni ukishuka, arudi siku hiyohiyo. Hiyo si ya kusubiri tarehe ya kliniki.

Kibaoni88:
Bibi yangu alipasuliwa vizuri tu na bado haoni. Msimjaze mama wa watu matumaini.

NesiDodoma:
Pole ndugu. Bibi alikuwa na sukari, au presha ya macho? Lenzi ni dirisha. Nyuma yake kuna pazia la jicho na mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, vikishaharibika, kusafisha dirisha hakusaidii sana. Ndiyo maana daktari anatakiwa kupima nyuma ya jicho kabla, na kumwambia mgonjwa ukweli. Na kama bibi aliona vizuri kwanza, ukungu ukarudi baada ya miezi au miaka, mrudisheni: huwa ni kiwambo kilicho nyuma ya lenzi mpya, kinafunguliwa kwa mwanga wa leza dakika chache, hakuna kisu.

MwalimuFizikia:
Swali la plastiki halijajibiwa. Haiozi, mtu anazikwa nayo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili kulikuwa na daktari Mwingereza, Harold Ridley, aliyetibu marubani walioingiwa na vipande vya plastiki machoni baada ya vioo vya ndege zao kupasuka. Akaona vile vipande vimekaa tu, jicho halivikatai. Novemba 1949, London, akamwekea mgonjwa lenzi ya plastiki ya aina hiyohiyo. Wenzake wengi walimpinga kwa miaka. Kabla ya hapo mtu akitolewa mtoto wa jicho alivaa miwani minene kama kitako cha chupa.

BintiKorogwe:
Asanteni sana. Nimemsomea yote. Kwenye kaptura alicheka mpaka akakohoa, akataka nirudie. Akaniomba nimletee ile kanga yake "nyeusi" ya kushindia. Mama, ile ni ya bluu! Akanyamaza kidogo.

Tunakwenda Moshi Jumanne. Ila ana maswali mawili kwa Fundi. Kama hawashoni, akipiga chafya je? Na kuswali?

FundiWaMoro:
Chafya nilipiga siku ya pili, kubwa, nikakishika kile kikinga cha jicho kwa mikono miwili kama mtu anayezuia sufuria isimwagike. Kliniki wakatazama, pako palepale. Asiizuie kwa kubana pua, aachie kwa mdomo wazi.

Kuswali, mimi niliambiwa nikae kwenye kiti wiki mbili, nisisujudu chini. Amuulize daktari wake. Na jiko la kuni akae nalo mbali, moshi unawasha. Mke wangu alinipiga marufuku hata kupita mlangoni, nikala kwa kuletewa siku kumi na nne. Daktari alisema siku ngapi, hilo msimwambie mke wangu.