Fibromaialjia: niwaeleze nini wakwe wanaosema najidekeza?

Swali (Uyole, Mbeya)
Habari zenu, ndugu zangu. Tangu daktari aniambie kwamba nina fibromaialjia, yaani ugonjwa wa maumivu sugu ya mwili mzima pamoja na uchovu, maneno ya watu yananiumiza kuliko ugonjwa wenyewe. Kwa kuwa vipimo vya damu na eksirei vilikuwa safi, wifi zangu wanasema nakwepa jembe, na wakati wa kuvuna viazi mama mkwe alinisukumia kiroba bila neno, ilhali vidole vyangu vilishindwa hata kukaza fundo la khanga. Niwaeleze nini?

Jibu (Mafinga)
Pole sana, dada. Majibu safi hayathibitishi kwamba unadanganya, kwa sababu ugonjwa huu hauharibu mifupa wala maungio; ubongo na neva ndivyo vinavyokuza ishara za maumivu, na ndiyo maana mtu hulala usiku kucha akaamka amechoka. Shirika la Afya Duniani limeuweka katika orodha yake ya magonjwa, ICD-11, miongoni mwa maumivu sugu. Mwombe mumeo akusindikize kliniki, amsikie daktari kwa masikio yake, kisha yeye ndiye azungumze na mama yake.

Jibu (Njombe)
Naunga mkono, hasa hilo la mume. Hata hivyo, usiache kazi zote, kwani mazoezi mepesi yanayoongezwa polepole ni sehemu kuu ya matibabu. Waambie mapema kwamba utachambua mbegu na kupalilia kidogo, lakini hutabeba viroba. Anayekuita mvivu mbele ya watoto wako, mumeo amkanye waziwazi.