Mito ya Mlima Kenya wakati wa kiangazi: ndoano zisimame adhuhuri?

Naleta hoja hii nikijua itawaudhi hata wageni ninaowaongoza kuvua. Nasema hivi: kuanzia katikati ya Januari hadi mvua za masika zishike, uvuvi wa trauti katika mito ya Mlima Kenya na Aberdare usimame kila siku ifikapo saa sita mchana. Na pale kijito cha chemchemi kinapoingia mtoni, pasivuliwe kabisa msimu huo.

Trauti ni samaki wa baridi. Hustawi maji yakiwa na nyuzi 13 hadi 16 za Selsiasi. Zikipita 20 huanza kutaabika, na zikikaribia 25 hufa. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo, ilhali mwili wa samaki nao unapopata joto huitaka zaidi. Huku kwetu kuna na mwinuko: kwenye mita 2,000 hewa ni nyepesi, hivyo maji hushika oksijeni pungufu kwa takribani moja ya tano kuliko ya usawa wa bahari yenye joto lile lile.

Ndiyo maana jua la utosi likiwaka samaki huhama. Hukimbilia kilindi chenye kivuli au mdomo wa chemchemi yenye maji baridi, wakasongamana hapo. Mvuvi aliyepajua mahali hapo huwatoa mmoja baada ya mwingine bila kusogeza mguu. "Mimi nawaachilia," husema. Samaki aliyeshindana na uzi katika maji ya nyuzi 21 huondoka akiogelea vizuri, kisha akafia mbele. Nimewakuta jioni, matumbo juu, chini kidogo ya kilindi nilichompeleka mgeni adhuhuri ile ile. Tangu siku hiyo sijapeleka mtu.

Jambo hili si geni duniani. Jimbo la Montana, Marekani, maji yakifika takribani nyuzi 23 siku tatu mfululizo, mto unaweza kufungwa kwa wavuvi kuanzia saa nane mchana hadi saa sita usiku.

NYONGEZA, baada ya majibu ya kwanza

Mmoja ameuliza kwa nini tumhangaikie samaki wa walowezi. Ni kweli, mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan aliagiza trauti kutoka Loch Leven, Scotland, wakawekwa katika mto Gura, Aberdare. Nisingekubali leo samaki huyu aingizwe kwenye mto mpya, maana hula wadudu wa majini na kaa wetu. Lakini kinachomwua ni kingo zilizonyolewa na maji yaliyopungua, na hayo yanawaua wadudu wale wale pia.

Mkulima wa upande wa Naro Moru ameandika kwa uchungu: "Samaki apate baridi, sukuma wiki yangu ikauke?" Ndugu yangu, hoja yako ni nzito kuliko zote zilizotolewa hapa. Mto ukibaki kamba nyembamba hupata moto upesi, kwa hiyo siwezi kuzungumzia joto nikaacha mabomba yanayovuta maji ya kumwagilia. Ila tusianze na wewe mwenye nusu eka. Kanuni za maji za 2007 zilimtaka mwenye kibali cha umwagiliaji awe na hifadhi ya maji ya kumtosha siku 90. Shamba kubwa linaweza kuchimba bwawa, likalijaza wakati wa mvua, likauacha mto Februari. Wewe huna pesa ya kununua plastiki ya bwawa, na hapo ndipo chama cha watumiaji maji na kaunti waingie. Kwa sasa naomba jambo dogo: tuvute maji usiku. Mchana mto ubaki na kina, na shambani maji machache yatapotea hewani.

Kuhusu mikaratusi, miti inayonywa maji mengi, mwaka 2009 waziri John Michuki aliagiza ing'olewe kando ya mito. Naunga mkono. Lakini kuna kingo ninazopita ambako ilikatwa na hapakupandwa chochote, na sasa jua linapiga maji kutwa. Pandeni mikuyu na mianzi kwanza, kisha kateni mikaratusi kidogo kidogo kivuli kipya kinapokua.

Wanaopinga nawaomba namba. Mwenye kipimajoto ashuke mtoni Februari saa nane mchana, apime katikati ya mkondo, kisha kwenye mdomo wa chemchemi iliyo karibu. Aandike hapa tofauti, jina la mto na mwinuko wa mahali hapo.