Programu ya mayai ya kichocho: usahihi 97%, kwa darubini nyingine inaanguka

Kijana_Wete: Assalaam alaykum. Nataka utafiti wa picha za tiba kwa kompyuta uwe ndiyo kazi yangu. Naanzia na picha za mkojo uliochujwa. Programu yangu ya kutafuta mayai ya kichocho ina usahihi 97%, lakini nikibadili darubini inaharibika. Tatizo nini?

FundiChake: Wa alaykum salaam, mdogo wangu. Picha za mafunzo na za mtihani umezigawa kwa picha au kwa mgonjwa? Picha kumi za slaidi moja (kioo kimoja cha darubini) zikitawanyika, nyengine mafunzoni nyengine kwenye mtihani, programu inaikariri slaidi. Gawa kwa mgonjwa, kisha weka kando picha zote za darubini moja, ziwe za mtihani tu. Na hiyo 97% isikuvimbishe kichwa: picha 95 kati ya 100 zikiwa tupu, programu inayosema "hakuna" kila mara inapata 95%. Tazama mayai mangapi imeyakosa.

Bi_Maabara: Yai la aina ya Unguja na Pemba lina mwiba mdogo nchani, urefu takriban mikroni 110 hadi 170 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Ukiipunguza picha mpaka mwiba ukapotea, fuwele na nyuzi zitahesabiwa mayai. Pima mikroni ngapi kwa pikseli katika kila darubini, zilinganishe kwanza. Watu wawili wahesabu kila mmoja peke yake. Mayai 50 kwa mililita 10 za mkojo ndipo maambukizi huitwa makali, kwa hiyo kosa la mayai mawili kwenye 49 linabadilisha jibu.

FundiChake: U-Net, mtandao wa neva wa kompyuta unaochora mipaka ya vitu kwenye picha, wa Chuo Kikuu cha Freiburg, 2015, yatosha kuanzia. Kibali cha maadili kabla ya picha, si baada.